Kiholanzi cha Sokoni: Mtu wa Kusini Anapoishi The Hague

(Maneno ya mratibu wa miradi wa dayosisi katika kikao cha pamoja cha kamati za sharika za Nachingwea na Ruangwa. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.)



Nimeombwa nieleze jinsi mtu wa huku kwetu anavyoweza kuyazoea maisha ya Uholanzi. Sababu ni mbili. Vijana wetu kadhaa wameanza kuulizia masomo huko. Pili, ipo hoja mezani kwamba kasma ya kujifunza lugha ifutwe katika bajeti ya mabadilishano, kwa kuwa Waholanzi wote wanajua Kiingereza. Mimi niliishi The Hague kuanzia Septemba 2012 hadi Desemba 2013, nikisoma shahada ya uzamili katika Institute of Social Studies. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1952, na tangu 2009 ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Erasmus cha Rotterdam.

Nilipoaga, watu waliniuliza nimekosa nini. Miaka ile kesi za viongozi wa Kenya zilitajwa redioni kila mara, na The Hague kwetu ilikuwa mahali pa kushtakiwa tu. Babu mmoja aliposikia naenda kwa "Madachi" alisikitika zaidi, maana kwa wazee wa Lindi Mdachi ni Mjerumani, na habari za Majimaji hawajazisahau. Nilimweleza kwamba hawa ni Waholanzi, majirani wa Wajerumani, na lugha zao ni ndugu. Hakuridhika sana.

Sasa niseme kuhusu hoja yenyewe. Ni kweli Waholanzi wengi wanajua Kiingereza, tena kizuri kuliko chetu. Darasani kwetu kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza. Lakini chuo ni jengo moja, na mji ni kitu kingine. Anayekaa zaidi ya miezi minne hujiandikisha manispaa ndani ya siku tano baada ya kufika, na barua zinazofuata huja kwa Kiholanzi: barua ya kodi, ya bima, ya siku za kutoa taka. Maelezo kwenye kikasha cha dawa ni Kiholanzi. Mama mzee wa nyumba ya jirani, ambaye ndiye ataona kwanza kama hujafungua mlango siku tatu, naye anazungumza Kiholanzi. Kwa Kiingereza peke yake unaishi pale kama mtu wa gesti: unahudumiwa vizuri, lakini hakuna anayekuuliza umeamkaje.

Na Waholanzi wenyewe, kwa ukarimu, wanakufanya usijifunze. Ukianza sentensi ya Kiholanzi ukakwama kidogo, mwenzako anahamia Kiingereza mara moja. Anadhani anakusaidia. Dawa yake ni kumwomba kwa adabu aendelee kwa lugha yake, na kuvumilia kuonekana mzito. Mwenzetu mmoja kutoka Uganda alikuwa hodari kwa hilo. Alikuwa akiingia duka la mikate kila asubuhi, akikataa katakata kujibu kwa Kiingereza, hata foleni ikanung'unika. Kufikia Pasaka alikuwa anatania na muuzaji.

Lugha yenyewe si ngumu kama inavyosikika. Wazungu wengine huteseka na ile "g" ya Kiholanzi itokayo kooni. Sisi wa pwani tunaifahamu kutoka kwenye "kheri" na "ghali". Neno lao la shule huandikwa "school" na kutamkwa "skhol". Jina la ufukwe wa The Hague, Scheveningen, nalo linaanza na "skh". Husimuliwa kwamba wakati wa vita kuu ya pili lilitumika kumtambua Mjerumani aliyejifanya Mholanzi, maana hakuweza kulitamka sawasawa. Halafu nomino zao zina mafungu mawili, "de" na "het", na hakuna kanuni ya kukuambia kila mara neno liko upande gani. Mwingereza analalamika. Mtu aliyekua na ngeli zote hizi za Kiswahili, na za Kimwera nyumbani, anashangaa kwamba ni mawili tu.

Panapohitaji uangalifu ni hesabu na saa. Wao hutaja mamoja kabla ya makumi: ishirini na tano ni "vijfentwintig", yaani tano na ishirini. Mwuza samaki akitaja bei haraka, unasikia tano na mkono unatoa noti ndogo. Saa ni jambo zito zaidi. Wakisema "half drie", yaani nusu tatu, wana maana ya nusu saa kabla ya saa yao ya tatu, yaani 8:30 mchana kwa saa zetu. Anayetafsiri kutoka Kiingereza hudhani ni 9:30, akachelewa saa nzima. Na katika nchi ambayo hata jirani humtembelei bila miadi iliyoandikwa kwenye shajara, kuchelewa saa nzima si jambo la kucheka. Kule hakuna hodi ya ghafla. Tulikuwa tukisema huo ni ubaridi wa moyo. Mimi nauona kama namna yao ya heshima: ukipangiwa saa mbili za Jumamosi, hizo saa mbili ni zako kabisa.

Desemba ilitusumbua wote. Jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi kwa saa zetu, na kufikia saa kumi na nusu jioni limezama. Saa za Kiswahili, zinazohesabiwa kwa jua, hapo hazina kazi tena. Mwanafunzi anayejifungia chumbani mwezi huo ataugua upweke. Anayetoka nje, hata kwa mvua, atapona.

Na kutoka nje ndiko kunakofundisha mji. Mtu wa Nachingwea hahitaji kufundishwa baiskeli, ila afundishwe sheria zake: njia yake maalumu, taa usiku, na kuonyesha mkono kabla ya kukata kona. Faini ya kukosa taa inauma. Nchi ile ina baiskeli nyingi kuliko watu, na upepo wa bahari unakupinga kwenda na, sijui kwa nini, kurudi pia. Tramu namba 1 inatoka Scheveningen ufukweni, inapita katikati ya mji hadi Delft. Kwa gharama ya safari moja unauona mji wote, wa matajiri na wa wahamiaji.

Lakini darasa langu kubwa lilikuwa Haagse Markt, soko la wazi linalofanyika Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Kuna muhogo, bamia, ndizi za kupika, pilipili. Wauzaji wengi wana asili ya Suriname, Uturuki na Morocco. Suriname ilitawaliwa na Uholanzi hadi Novemba 1975, na watu wake walikuja na Kiholanzi chao pamoja na vyakula vyao. Hapo mtu mweusi akizungumza Kiholanzi hashangazi mtu, na hakuna anayekimbilia Kiingereza. Unauliza bei, unapunguziwa, unajibu. Ujuzi wangu wa hesabu zao ulitoka kwenye mafungu ya muhogo.

Kanisani pia nilijifunza. Kuna kanisa la Kilutheri katikati ya mji, Lutherse Burgwal, la karne ya 18. Walutheri wa Uholanzi ni wachache, na tangu Mei 2004 wameungana na makanisa mawili ya Kireformati kuwa Kanisa la Kiprotestanti la Uholanzi. Ibada huielewi mwanzoni, lakini unajua tunapoungama, tunapokiri imani, na wanaposema "Onze Vader" unajua ni Baba Yetu. Utaratibu unaoufahamu unakubebea maneno usiyoyafahamu.

Kwa wanaofikiria ndoa na kuhamia, niwe wazi. Tangu Machi 2006, mwenzi anayetoka nchi kama yetu hufanya mtihani wa Kiholanzi na wa maisha ya Uholanzi ubalozini kabla ya kupewa kibali. Kiwango chake ni A1, yaani cha mwanzo kabisa. Akishahamia, sheria iliyoanza Januari 2022 kwa kawaida inamtaka afike B1 ndani ya miaka mitatu. Mwanafunzi haingii humo. Lakini ufadhili uliotupeleka wengi wetu, Netherlands Fellowship Programmes, ulikoma mwaka 2017, na ule ulioufuata nao umekwisha. Nafasi zitakuwa chache, hivyo anayekwenda aende ameandaliwa.

Ndugu wajumbe, sisi wa Nachingwea tumeiona hoja hii kwa upande wa pili. Mwaka 1947 walikuja watu wa mradi wa karanga na matrekta, wakajenga mji na reli, na kufikia 1951 mradi umekufa. Waliondoka bila kuijua vizuri ardhi, na wengi bila lugha ya kuwauliza wenye ardhi. Wapigania uhuru wa FRELIMO walikuja na kidogo sana katika miaka ya 1960. Wengi wao walijifunza Kiswahili, na hadi leo wako wazee wa hapa wanaowakumbuka kwa majina.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati ni kwamba kasma ya lugha ibaki, na itumike pande zote mbili. Kijana wetu apate miezi mitatu ya Kiholanzi kabla ya safari. Mgeni anayekuja kwetu apate mwezi mmoja wa Kiswahili kabla ya kupewa ofisi, na akipangwa Ruangwa, apate mtu wa kumfundisha salamu za Kimwera. Makadirio nimeyaacha kwa mhasibu. Naomba kila usharika uyapitie na kuleta majibu kabla ya kikao kijacho cha jimbo, maana washirika wetu wanafunga bajeti yao mwezi huohuo.