Makohozi, Panya na Mafuvu: Tunawaambia Nini Watu Wetu?

(Mada iliyotolewa na dawati la afya kwenye semina ya wahudumu wa afya ya jamii na viongozi wa vikundi vya akina mama.)



Tulipopangiwa kuzungumzia utafiti wa tiba, wanyama wa maabara na miili ya wanadamu, baadhi yetu ofisini tulicheka. Tulisema hayo ni mambo ya maprofesa, sisi yanatuhusu nini? Kisha tukamkumbuka mama mmoja, na kicheko kikaisha.

Mama huyo alikuwa amekohoa kwa zaidi ya mwezi. Mhudumu wetu alimshawishi aende kituo cha afya, akatoa makohozi, na majibu ya hadubini yakasema hana kifua kikuu. Kama ilivyo kawaida kwa vituo vingi vya Morogoro na Dar es Salaam, sampuli yake ilipelekwa pia kwa panya. Panya wakaitambua, maabara ikathibitisha, na mhudumu akatumwa kumfuata nyumbani. Bahati mbaya jirani alikuwa amemtangulia. Alimwambia kwamba makohozi yake wamepewa panya. Mama akafunga mlango. Akasema kupitia dirishani, "Mmechukua kitu cha mwili wangu mkampa panya, na sasa mnataka kingine?" Wiki tatu zilipita hivyo, na katika kitanda chake alikuwa akilala na mjukuu wa miaka minne.

Ndugu zetu, kosa lilikuwa letu. Hakuna aliyemweleza. Tulidhani kwamba mtu akishatoa makohozi, habari yake imekwisha.

Basi na tuelezane sasa. Panya hao si wale wa darini. Ni panya buku, wale wakubwa wenye mifuko mashavuni. Wanafundishwa na shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997, na tangu mwaka 2000 makao yake ya mafunzo yako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mwanzoni kazi ilikuwa kunusa mabomu ya ardhini. Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu hayo, ni mojawapo ya sehemu walizofanya kazi. Kazi ya kunusa kifua kikuu ilianza mwaka 2007. Sampuli hupashwa moto kwanza ili vijidudu vife, kisha hupangwa chini ya matundu, na panya hupita akinusa tundu moja baada ya jingine. Akisikia harufu ya ugonjwa anasimama na kukwaruza. Akipatia kwenye sampuli inayojulikana, hupewa uji wa ndizi na karanga. Sampuli mia moja humchukua takriban dakika ishirini, wakati mtaalamu mwenye hadubini angehitaji siku kadhaa. Panya hali makohozi, hayagusi, wala haambukizwi. Tena neno lake si la mwisho: kila anachotilia shaka hupimwa upya na binadamu maabara.

Hayo yote yanaelezeka kwa dakika tano mlangoni pa mtu. Tulizikosa dakika tano hizo.

Lakini tusijidanganye kwamba wanyama wote wa utafiti hulipwa ndizi. Wengi wameteseka na kufa ili sisi tupone. Tarehe 25 Mei 1940, huko Oxford, wanasayansi wa kundi la Howard Florey waliwachoma panya wanane wadogo vijidudu vya kuua. Wanne wakapewa penisilini, wanne wakaachwa. Kesho yake wanne walioachwa walikuwa wamekufa na wale waliotibiwa walikuwa hai. Tukija kwenye kifua kikuu chenyewe, streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, na mwaka uliofuata ilijaribiwa kwa simbilisi, wanyama wale wale ambao watoto wetu huwafuga nyuma ya jiko. Walioambukizwa na kutibiwa waliishi. Kila mmoja wetu aliyewahi kuchomwa sindano ya penisilini ana deni kwa wanyama hao, apende asipende.

Je, ni halali kwa mwamini? Tumejadiliana sana ofisini na hatukukubaliana kwa kila jambo. Mmoja wetu anaona mnyama asiguswe kabisa. Wengi wetu tunaona inaruhusiwa kwa masharti, na tunaisoma Mithali 12:10 kama sharti la kwanza, kwamba uhai wa mnyama nao ni wa kuangaliwa. Wanasayansi wenyewe wana kanuni inayofanana na hiyo. Waingereza wawili, Russell na Burch, waliandika mwaka 1959 kwamba mtafiti atafute kwanza njia isiyotumia mnyama, akishindwa apunguze idadi, na wale anaowatumia awapunguzie maumivu. Sharti jingine ni kutomwamini mnyama kupita kiasi. Dawa ya thalidomaidi, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957, ilionekana salama kwa panya. Akina mama wajawazito wakaitumia, na watoto zaidi ya elfu kumi wakazaliwa na viungo pungufu kabla haijaondolewa sokoni mwaka 1961. Ndiyo maana mtu akituambia dawa yake ya mitishamba "imejaribiwa kwa panya", sisi bado tunauliza maswali.

Tuje sasa kwenye miili ya wanadamu, na hapa ndipo tunaomba mtusikilize zaidi.

Panya weupe maarufu wa maabara, wanaoitwa Wistar, walianza kuzalishwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1906. Taasisi iliyowazalisha ilianzishwa mwaka 1892, na mwanzoni kazi yake kubwa ilikuwa kutunza mkusanyiko wa viungo vya wanadamu vilivyokaushwa na kujazwa nta, uliotokana na mwalimu wa anatomia Caspar Wistar. Kwa hiyo panya na viungo vya wafu vimekaa nyumba moja tangu zamani. Daktari hawezi kujifunza kupasua tumbo la aliye hai bila kwanza kuona tumbo la aliyekufa. Hilo tunalikubali. Swali letu ni moja: aliyekufa aliulizwa?

Mara nyingi hakuulizwa. Mjini Edinburgh mwaka 1828, Burke na Hare waliua watu kumi na sita na kuiuza miili yao kwa mwalimu wa anatomia. Hata hivyo, hatuna haja ya kwenda Uskoti. Wakati wa utawala wa Wajerumani, mafuvu yalichukuliwa huku kwetu na kupelekwa Berlin ili yapimwe kwa jina la sayansi. Zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, mengi zaidi yakiwa ya Rwanda na takriban 200 ya Tanzania, yalikuwa katika mkusanyiko uliotoka hospitali ya Charité mwaka 2011 na kukabidhiwa taasisi ya makumbusho ya huko. Mangi Meli alinyongwa Old Moshi mwaka 1900, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 taasisi hiyo ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimepata ndugu walio hai wa wafu watatu, mmoja wao akiwa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Fikirini kupigiwa simu na kuambiwa babu yako amepatikana kabatini, ana namba!

Basi yule mama aliyefunga mlango hakuwa mjinga. Alijua, pengine kwa kusimuliwa na wazee, kwamba watu wenye makoti meupe wamewahi kuchukua bila kuuliza. Makohozi si fuvu, lakini yalitoka mwilini mwake.

Aliyemfungulia mlango hakuwa mtu wa ofisi yetu. Alikuwa mzee wa mtaa aliyewahi kuugua kifua kikuu na kupona, akaketi barazani kwake asubuhi mbili mfululizo. Mama alianza dawa, akamaliza miezi sita. Mjukuu alipimwa, hakuwa na ugonjwa, akapewa dawa ya kinga.

Alipokuja kutuaga alituuliza mambo mawili. La kwanza, yule panya alilipwa nini? Tulipomwambia ndizi na karanga alicheka mpaka akakohoa, nasi tukashtuka kidogo. La pili, makohozi yaliyobaki yamekwenda wapi? Hatukujua. Tulikwenda kumuuliza mtaalamu wa maabara pale kituoni, akatuonyesha tanuru la kuchomea taka za hospitali, tukarudi kumpa mama jibu.

Fomu mpya ya mhudumu mtagawiwa baada ya chai. Ina mistari mitatu ya kumsomea mgonjwa kabla hajapokea kikopo: sampuli inakwenda wapi, nani ataigusa, na itaishia wapi. Mgonjwa akikataa, andikeni amekataa, muage vizuri, na mrudi siku nyingine. Karibuni kwa maswali.