Dominika ya 12 ya Mwaka B: Kiambaza Chembamba



Injili ya leo yatuonyesha Bwana wetu amelala. Mtakatifu Marko atusimulia kwa undani: Yesu yuko upande wa tezi, kichwa chake juu ya mto, na dhoruba inakipiga chombo. Sisi wahubiri mara nyingi tunauharakia muujiza, tukafika upesi pale bahari inaponyamaza. Leo naomba tukae kidogo na ule usingizi. Mwana wa Mungu alikuwa amefundisha watu mchana kutwa, amechoka, akahitaji kulala kama mvuvi yeyote. Wanafunzi walikuwa na sababu ya kumwamsha, kwani waliona wanaangamia. Mimi nataka kusema nanyi habari za kuwaamsha watu pasipo sababu ya namna hiyo, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Desemba ya mwaka 2018 nilikuwa Roma kwa mwaka wa masomo na mapumziko. Padre mmoja wa Utume wa Bahari, ule utume uliozaliwa Glasgow mwaka 1920 kwa ajili ya kuwahudumia mabaharia, aliniomba niende badala yake kuadhimisha Misa za Noeli katika meli ya watalii iliyokuwa iking'oa nanga bandari ya Civitavecchia. Nikakubali kwa furaha, nikiwa sijui ninakokwenda.

Wengi wenu mmepanda meli ya kwenda Unguja, au ya kuvuka ziwa. Hizi za watalii ni kitu kingine, ndugu zangu. Ni miji inayoelea. Ile iliyoanza safari zake kutoka Miami mwezi wa Januari mwaka 2024 yaweza kubeba abiria 7,600 na wafanyakazi 2,350 hivi, katika sitaha 20. Zamani abiria aliyebahatika alipata dirisha la duara. Lakini tangu miaka ya 1980, hasa baada ya meli iitwayo Royal Princess kuanza kazi mwaka 1984, vyumba vyenye roshani vimeenea, hata leo ubavu wa meli mpya hufanana na sega la nyuki. Yangu haikuwa kubwa kama hiyo ya Miami, lakini chumba nilichopewa, kilichokuwa kimebaki bila abiria, kilikuwa na roshani.

Roshani ya meli ni mahali padogo: viti viwili, meza ya kuwekea kikombe, na reli ya kuegemea. Kati yako na jirani kuna kiambaza chembamba, ambacho kwa kawaida hakifiki juu kabisa wala chini kabisa. Jicho hudanganyika. Huoni mtu, waona bahari tu, ukadhani uko peke yako pamoja na Muumba. Kumbe kulia yuko mtu, kushoto yuko mtu, juu na chini wako watu, nao wote wanasikia. Upepo wa mwendo wa chombo hulichukua neno lako na kulipeleka vyumba vitatu nyuma. Kwa sababu hiyo abiria wa meli hizo huombwa wasipige muziki roshani, wazungumze kwa sauti ya chini usiku, na wasiache mlango wa roshani na ule wa ukumbini wazi kwa pamoja, maana upepo huubamiza mlango kwa kishindo.

Usiku wa kwanza vijana waliokuwa roshani ya juu yangu walipiga muziki mpaka saa sita na nusu. Nilivumilia, kisha sikuvumilia tena. Nikapiga simu mapokezi, nikaeleza kwa heshima, muziki ukazimwa. Nililala kwa amani kama mtu aliyetetea haki.

Saa kumi na moja alfajiri niliamka, kama nilivyozoea nyumbani. Nikavaa sweta, nikatoka roshani na kitabu changu cha sala. Kwaya ya parokia yangu ilikuwa imenipa zawadi ya kuniaga: nyimbo zao zote kwenye simu, pamoja na spika ndogo isiyozidi ukubwa wa kopo la maziwa. Nikaiweka mezani. Giza lilikuwa bado, bahari ilikuwa nyeusi, na sauti za watu wetu zikaanza. Wapendwa, nililia. Kisha nikaimba pamoja nao, besi, kama nilivyofundishwa seminari. Nilifanya hivyo siku ya kwanza, nikafanya na siku ya pili.

Siku ya tatu nilikuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango. Mwandiko ulikuwa wa mtu mzima, wenye kutetemeka kidogo. Jirani wa kulia aliandika kwamba nyimbo ni nzuri. Aliniarifu pia kwamba mume wake ni mgonjwa, usiku maumivu humkesha, na usingizi humjia kuelekea alfajiri tu, saa mbili au tatu hivi. Aliuliza kama ningeweza kuzisikiliza baadaye.

Niseme kweli, hisia yangu ya kwanza haikuwa aibu. Ilikuwa hasira. Nilijisemea, hawa watu wa Ulaya wamechoka na Mungu, hata sala inawaudhi. Nilikuwa nimeketi kitandani nimeishika ile karatasi nilipokumbuka simu yangu ya mapokezi. Kelele za vijana niliziita kelele. Za kwangu niliziita sala.

Katika kitabu cha Mithali, sura ya 27, aya ya 14, kuna neno ambalo sijasikia likihubiriwa mara nyingi, wala mimi sikuwa nimelihubiri hata mara moja. Mwenye hekima asema kwamba mtu anayeamka mapema na kumbariki jirani yake kwa sauti kubwa, baraka hiyo huhesabiwa kuwa laana. Tazameni, hamzungumzii mlevi wala mgomvi. Amzungumzia mtu anayebariki! Maneno ni mema, kosa ni saa na kipimo. Na katika somo la kwanza la leo Mungu amwambia Ayubu jinsi alivyoifungia bahari milango na makomeo, akaipa mpaka isiuvuke. Bahari yenyewe, pamoja na nguvu zake zote, ina mahali pa kukomea. Sauti yangu haikuwa nayo.

Jambo la pili lilinigusa zaidi. Yule mama hakupiga simu mapokezi. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo, na mhudumu angekuja mlangoni kwangu, nami ningeabika mbele ya wafanyakazi ambao jioni ningewasomea Misa. Alifanya lile Bwana aliloagiza katika Injili ya Mathayo sura ya 18: mwendee ndugu yako mkiwa wawili peke yenu. Mimi padre nilianzia ofisini. Yeye alianzia kwangu.

Nilikwenda kumwomba radhi saa nne asubuhi. Mume wake alikuwa ameketi roshani amefunikwa blanketi. Mama aliniuliza wimbo mmoja, ule wenye ngoma mwishoni, unasema nini. Nikamweleza ni wa kushukuru baada ya mavuno. Mzee akaomba ausikie, nasi tukaupiga, kwa sauti ya chini, mara mbili. Zaidi ya hapo hatukuongea mengi. Lugha ilitupa shida, na yeye alichoka upesi.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza habari za wengine wanaolala melini. Mhudumu aliyesafisha chumba changu alinieleza kwamba wako wanaofanya kazi usiku: waokaji mikate, walinzi, watu wa mitambo. Hao hulala mchana, katika vyumba vya chini visivyo na dirisha. Usingizi wao unalindwa na sheria ya mataifa. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 wadai baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Niliposoma hayo nilishangaa kidogo kwamba ilihitajika mikutano ya mataifa ili mtu aruhusiwe kulala, kisha sikushangaa tena.

Asinielewe mtu vibaya. Furaha si dhambi. Zaburi zatualika kumsifu Mungu kwa matari na matoazi, na mkesha wa Noeli, katika ukumbi wa meli, Wafilipino na Wagoa wa jikoni waliimba mpaka vikombe vikatikisika, nami nilipiga makofi pamoja nao. Ukumbi ulikuwa umewekwa kwa ajili hiyo, na kila aliyekuwamo alikuja kwa miguu yake. Mtakatifu Paulo, katika somo la pili, atuambia kwamba Kristo alikufa ili walio hai wasiishi tena kwa ajili ya nafsi zao. Huenda twadhani maneno hayo yahusu mambo makubwa tu, kama kuuawa kwa ajili ya imani. Lakini kwa siku tano zilizobaki za safari ile, kwangu yalihusu kidole kimoja na kitufe cha spika.

Sasa nawageukia ninyi makatekista, na wenyeviti wa jumuiya ndogondogo, kwa maana mnajua ninakoelekea. Niliporudi parokiani mwaka 2019 nilitazama juu ya mnara wetu nikaona zile pembe nne za vipaza sauti. Nilikuwa nimeishi chini yake miaka sita bila kuziona. Mkesha wetu wa Ijumaa ya kwanza ulikuwa ukisikika hadi ng'ambo ya bonde, nasi tulijivunia. Nikaanza kutembelea nyumba zilizo nyuma ya kanisa. Nilimkuta muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye mazoezi ya kwaya ya saa tisa alasiri humkuta amelala. Nilimkuta mama anayemlea mtoto mwenye kifafa. Nilimkuta mzee, Mkristo wetu mwenyewe, aliyepokea Ekaristi Dominika iliyotangulia, ambaye siku za mkesha hujitia pamba masikioni. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuja ofisini kulalamika. Nilipowauliza sababu, yule muuguzi alicheka akasema: "Baba, nani atamshtaki Mungu?"

Nilipeleka shauri kwenye halmashauri ya walei kwamba baada ya saa nne usiku pembe za nje zizimwe, zibaki spika za ndani tu. Tulibishana vikao viwili. Katekista mmoja wa siku nyingi, mtu ninayemheshimu, aliniuliza, watu watajuaje kwamba tunasali? Nilimwambia habari ya ile karatasi chini ya mlango. Alinyamaza, akaomba muda wa kufikiri.

Pembe zilizimwa mwezi wa Oktoba mwaka huo. Ijumaa ya kwanza iliyofuata, saa tano usiku, nilitoka nje wakati wa rozari, nikasimama nyuma ya kanisa karibu na nyumba ya yule mama mwenye mtoto. Taa ilikuwa imezimwa. Kwaya niliisikia kwa mbali, kama redio ya jirani mstaarabu. Mwenyekiti wa kwaya hajanisamehe kabisa, na anawasikiliza asubuhi hii pamoja nanyi, namsalimu.

Tumsifu Yesu Kristo.