Mshauri Hana Budi Kufundishwa



Nimetakiwa kusema maneno machache juu ya wale wanaojitolea kuwa wasaidizi wa kisheria katika vijiji vyetu, tangu Shinyanga hata machimbo ya Geita. Watu hawa si mawakili, wala hawana mshahara. Kazi yao ni kumsikiliza mwenye shida, kumweleza haki yake, na kumwonyesha mlango umpasao. Neno langu ni moja tu: moyo mwema ni mwanzo wa kazi hii, lakini hautoshi. Mshauri hana budi kufundishwa.

Sikilizeni habari ya wajane wawili wa Shinyanga. Baada ya waume wao kufa, walitolewa katika nyumba zao pamoja na watoto. Mashemeji walishika desturi za urithi zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, ambazo kwazo mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wale walisaidiwa na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, wakafika Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ilikiri ya kuwa desturi hizo zawabagua wanawake, walakini haikuzifuta. Wakakata rufani, na miaka minne ikapita. Mwaka 2010 rufani ikatupwa, si kwa kuwa madai yao yalipimwa yakaonekana hafifu, bali kwa kuwa hati ya amri ya Mahakama Kuu ilikuwa na tarehe isiyo sahihi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa uamuzi kwamba haki zao zilivunjwa.

Basi fikirini: tarehe moja juu ya karatasi imezuia shauri la watu waliokuwa na mawakili kando yao. Je, mjane asiye na wakili, wala hajui kusoma, itakuwaje kwake? Huyo ahitaji jirani ambaye ataisoma hati siku ileile inapotoka, kabla haijakunjwa na kufichwa sandukuni.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi hawa, tena imewawekea mpaka. Hawana ruhusa kusimama mahakamani kama mawakili, wala kumtoza mtu fedha. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Lakini mkono wa mshauri yafaa uwe mtupu, ili maskini asiogope kuja, na tajiri asipate njia ya kuununua.

Mtu afundishwaje, basi? Kwanza, hufundishwa kusikiliza mpaka mwisho na kutunza siri. Jambo la mwenye shida likitangazwa kisimani, kesho hatakuja mwingine. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Pili, hufundishwa milango. Mirathi ya kimila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na mwombaji hupeleka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Mgogoro wa shamba hupelekwa Baraza la Kata; lakini tangu mwaka 2021 Baraza hilo hupatanisha tu, halikati shauri la ardhi. Anayedhani kuwa amekwisha kushinda huko amedanganyika.

Tatu, hufundishwa kuhesabu siku. Mfanyakazi wa mgodi aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimaliza siku hizo wakimbembeleza msimamizi awarudishe. Na wale washukao katika maduara, ambao ujira wao ni mgawo wa mifuko ya mawe, mara nyingi hawana maandishi yo yote. Mshauri mwema huwaambia mapema waandikishe mapatano, kabla dhahabu haijaonekana. Maana ikionekana, maneno ya jana husahauliwa.

Nne, hufundishwa kujua sheria yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba desturi inayomnyima mwanamke haki ya kupata au kutumia ardhi ni batili. Naye mwenye shamba lililoingia katika eneo la leseni ya madini anastahili fidia. Asitie dole gumba juu ya karatasi asiyosomewa. Na mshauri ampe maelezo kwa Kisukuma, ikiwa Kiswahili chake ni haba.

Hayo yote hayajulikani kwa kuzaliwa. Mwenye huruma asiye na mafunzo aweza kumpoteza mtu kwa upole mwingi, akampeleka mlango usio wake mpaka siku zimekwisha.

Ninyi walimu mwajua kusoma, kuandika na kuvumilia swali lililoulizwa mara tatu. Nanyi wazee na akina mama mwazijua koo na mipaka ya mashamba. Nawaomba kila kijiji kitoe wawili, mwanamume na mwanamke, wakafundishwe. Na sisi tubakio tuwalimie mashamba yao siku watakapokuwa mafunzoni, maana anayejitolea naye ana watoto wa kulisha.