TUNUNUE LORI LIPI?

(Maneno ya mjumbe wa kamati ya usafirishaji mbele ya wanachama, kabla ya kura ya Mkutano Mkuu. Yameandikwa hapa ukutani ili na wale waliokuwa shambani wayasome.)



Nimepewa kazi ya kusema juu ya malori. Kila mmoja anajua kwa nini tumefika hapa. Mahindi na alizeti tunalima sisi, magunia tunashona sisi, lakini mwenye lori ndiye anayetupangia nauli ya mzigo, na wakati wa mavuno anaipandisha apendavyo. Kuwa na malori yetu wenyewe ni neno jema na tulikwisha kulikubali. Swali lililobaki ni moja: tununue lori lipi?

Jamani, swali hili si dogo. Fedha hizi ni hisa zetu na makato ya mazao yetu, na nyingine zitakuwa za mkopo. Lori likilala gereji, deni halilali.

Huko vijiweni nasikia maneno ya namna mbili. Wapo wanaosema tununue matano ya mtumba, kila moja pale tutakapolipata kwa bei nafuu: Scania moja, DAF moja, Howo moja, Fuso mbili. Wengine wanasema tununue machache, ya aina moja. Mimi niko na hawa wa pili, na sababu zangu ni hizi.

Mfano uko hapa hapa kwetu

Wilaya yetu ya Kongwa inajulikana duniani kwa ajili ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa mpango wa kulima karanga kwa mashine. Baada ya vita matrekta yalikuwa adimu, basi wakanunua yaliyokwisha tumika, mengine yaliyoachwa na majeshi huko Ufilipino. Hata vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Vyote vikaletwa kwenye vichaka vyetu, penye mizizi migumu na udongo ambao kiangazi hukauka kama saruji. Mashine zikavunjika, spea zikakosekana, mafundi wakawa wachache. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, umekwisha kula kama pauni milioni 36.

Wale walikuwa na fedha, walikuwa na wataalamu. Waliuliza mashine zinapatikana wapi. Hawakuuliza udongo wa Kongwa unataka mashine gani. Serikali ya Uingereza iliweza kuvumilia hasara ile. Chama chetu hakiwezi.

Kwanza tuijue kazi

Kazi zetu ni mbili, tusizichanganye. Kazi ya kwanza ni kutoa mazao mashambani, huku Kongwa na kule Kiteto, kwenye njia za matope na makorongo. Kazi ya pili ni safari ndefu ya lami: Dar es Salaam, ambako ni takriban kilometa 360 kutoka hapa Kibaigwa, au Arusha kwa njia ya Kondoa na Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, au Mwanza kwa kupanda na kushuka mlima Sekenke.

Kichwa na tela lake refu ukikipeleka kwenye tope la Kiteto, utavunja springi na kukata tairi kwa ajili ya magunia ambayo trekta au Fuso ya kukodi ingeyatoa. Basi mashambani tukodi, mzigo ukusanyike ghalani, na malori yetu yaanzie ghalani kwenda mbali.

Pili tuijue mizani

Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ilianza kutumika hapa Tanzania mwaka 2019. Inahesabu ekseli. Ekseli ya usukani ni tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne ni tani 10. Ekseli mbili za pamoja za namna hiyo ni tani 18, na tatu za pamoja za tela ni tani 24.

Hebu tupige hesabu. Kichwa cha difu moja na tela la ekseli tatu: 8 na 10 na 24, jumla tani 42. Kichwa cha difu mbili na tela lile lile: 8 na 18 na 24, jumla tani 50. Tuseme kichwa na tela vikiwa vitupu vina tani 15 kwa lile la kwanza na tani 17 kwa lile la pili. La kwanza litabeba tani 27, yaani magunia 270 ya kilo mia. La pili tani 33, magunia 330. Kila safari magunia 60 zaidi, kwa dereva mmoja na utingo mmoja.

Na tusijidanganye na lumbesa. Mizani ya Mikese na ya Vigwaza haihesabu magunia, inasoma kilo. Hata jumla ikiwa sawa, mzigo ukirundikwa mbele au nyuma ekseli moja huzidi, na faini inakuja. Kwa hiyo na wapakiaji wetu wafundishwe.

Tatu, spea na fundi

Malori matano ya aina nne maana yake ni stoo nne za spea, na fundi wa kujua injini nne. Pampu ya Scania haiingii kwenye Howo. Lakini ukiwa na malori ya aina moja, ukinunua klachi moja ya akiba imeyakinga yote.

Wakubwa nao walipita njia hiyo. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwezi Novemba 1965, Zambia ilibanwa, mafuta na shaba vikapita barabara ya Dar es Salaam mpaka Tunduma, wakati ule bado ya vumbi na matope. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zilianzisha kampuni ya malori pamoja na wabia wa Kitaliano. Malori yake yalikuwa Fiat kutoka Italia. Anayekuuzia lori akiwa na hisa katika kazi yako, lori likisimama naye anaumia. Sisi hatuna mbia wa Ulaya, lakini tunaweza kumbana muuzaji kwa mkataba: spea ziwepo, fundi afike, dhamana iandikwe.

Sisemi la mtumba ni baya. Scania la mtumba lililotunzwa linaweza kulishinda lori jipya la bei ya chini. Nasema litazamwe. Rahisi huvunja upishi.

Nne, dizeli

Kwenda Dar na kurudi ni kilometa 720. Tuseme lori moja linakwenda kilometa 2 kwa lita, jingine kilometa 2 na nusu. La kwanza litakunywa lita 360, la pili lita 288. Tofauti ni lita 72 kwa safari. Likifanya safari 60 kwa mwaka, hizo ni lita 4,320. Zidisheni kwa bei ya kituoni, mtaona kwamba bei ya kununulia lori ni mwanzo tu wa bei yake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi

1. Spea zake ziko Dodoma na Morogoro, au mpaka ziagizwe ng'ambo?
2. Yupo fundi wa karibu anayeijua injini hii na waya zake za kompyuta?
3. Kama linatumia maji ya kusafishia moshi, AdBlue, tutayapata wapi njiani?
4. Usukani uko kulia? La usukani wa kushoto humpa dereva shida kulipita gari jingine, hasa usiku.
5. Likipakiwa mzigo kamili linapanda mlima bila kuchemsha, na breki zinashika?
6. Baada ya mavuno kwisha, litakula nini? Limepata mzigo wa kurudia, saruji, mbolea au bati?

Hili la sita ndilo zito. Lori lisilo na mzigo wa kurudia linakula faida ya mzigo wa kwenda.

Pendekezo la kamati

Tununue vichwa viwili vya difu mbili, aina moja, na matela matatu ya ekseli tatu. Vichwa vikiwa safarini, tela la tatu linapakiwa ghalani; kichwa kikirudi kinaunganisha na kuondoka. Theluthi moja ya fedha isiguswe: iwe ya tairi, bima, leseni ya LATRA, spea na mafuta ya mwanzo. Madereva wawe na leseni ya daraja E, na wajaribiwe na fundi, wasipewe usukani kwa undugu. Mkopo usivuke ukomo wa madeni utakaopitishwa na mkutano huu na kukubaliwa na Mrajis.

Najua wapo watakaosema malori mawili ni machache, tutachekwa. Tucheke na sisi. Mawili yanayotembea yanabeba zaidi ya matano yaliyopandishwa juu ya mawe. Mwaka wa pili, hesabu ikitoka safi na kusomwa mbele yenu, tutaongeza la tatu, la aina ile ile.

Ndugu Wanachama, siku ya kura kila mtu aje na swali lake. Muulizeni Mwenyekiti, muulizeni Mhasibu, niulizeni na mimi. Kuuliza kabla ya kununua hakuna gharama.

 Ushirika ni nguvu!