Kabla ya Kununua Bomba la Dawa
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kapsokwony)



Tulipopita mashambani tulisikia kikundi kimoja kinataka kutoa pesa yote ya mfuko kununua bomba na dawa. Kahawa imeingiliwa na vidung'ata, wale wadudu weupe kama waliomwagiwa unga. Tunaomba mngoje kidogo. Hiyo pesa ikiisha, karo ya watoto itatoka wapi?

Miaka ya 1920 vidung'ata waliharibu kahawa vibaya sana upande wa Thika. Wataalamu wakatafuta adui wao mbali, huko Asia, wasifaulu. Kumbe mdudu ametoka Uganda, hapa tu ng'ambo ya mlima wetu! Kule hakusumbua sana, maana kuna nyigu wadogo wanaomwangamiza. Mwaka 1938 nyigu hao wakaletwa Kenya, wakazalishwa na kuachiliwa mashambani, na vidung'ata wakapungua.

Nyigu huyu si yule anayetuuma. Ni mdogo mno, hata ukimwona utasema ni kivumbi. Hutaga yai ndani ya kidung'ata, na mtoto wake anamla kutoka ndani. Ukiona kidung'ata amekauka, amekuwa wa kahawia na ana tundu, jua nyigu amepita.

Sasa, dawa kali haichagui. Inaua nyigu, inaua na nyuki wanaosaidia maua ya kahawa kushika matunda. Vidung'ata wanaojificha kwenye vishikizo vya matunda wanabaki, na safari hii hawana adui.

Basi tuanze na sisimizi. Wao hunywa maji matamu ya vidung'ata, kwa hiyo huwalinda na kumfukuza nyigu, kama vile sisi tunavyolinda ng'ombe wa maziwa. Funga karatasi ngumu kwenye shina, upake grisi juu ya karatasi, si kwenye ganda la mti. Kata matawi yanayogusa chini, ondoa na magugu yanayoegemea mti, la sivyo sisimizi watapanda kwa daraja hilo na grisi yako ni bure.

Jumamosi kila mmoja aje na kitawi chenye vidung'ata. Tutahesabu pamoja wenye matundu na wasio na matundu. Mpaka hapo, pesa ikae kwa mweka hazina.