Jiko la Indaksheni: Sufuria Kwanza, Jiko Baadaye

(Mada ya Kamati ya Mikopo katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi)



Miaka 10 ya kuweka na kukopa si mchezo, jamani.

Kamati tumepewa nafasi tuzungumzie majiko. Mwaka 2024 Serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Sasa kina mama wanaomba mkopo wa jiko la umeme lile la kioo, la indaksheni. Hatukuja kulisifu wala kulikataa. Tunachotaka ni kwamba hela ya kikundi isiishie uvunguni mwa kitanda huku mama anaendelea kulipa marejesho.

Kwanza tujue linavyofanya kazi. Chini ya kile kioo kuna waya wa shaba uliozungushwa. Umeme ukipita humo huleta nguvu ya sumaku inayobadilika haraka mno, na nguvu hiyo huamsha umeme ndani ya kitako cha sufuria. Hapo sufuria yenyewe ndiyo inayopata moto. Kwa hiyo sufuria isiyoshika sumaku hailiwashi jiko. Litalia au kuonyesha alama ya kosa, kisha litajizima.

Na sisi jikoni tuna nini? Wengi tuna sufuria za alumini, na hizo hazifai. Chungu hakifai, shaba tupu haifai. Zinazofaa ni za chuma, za enameli zenye chuma ndani, na zile za chuma kisichoshika kutu ambazo kitako chake kinashika sumaku. Si zote za aina hii zinashika, usidanganywe na kung'aa. Dawa ni ndogo: nenda dukani na sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu. Iguse kitakoni. Ikinata barabara, nunua. Ikiteleza, rudisha. Kitako kiwe bapa na kipana, sentimeta 12 au zaidi. Karai la mviringo chini liache kwenye mkaa.

Vilevile uliza muuzaji kama jiko ni la indaksheni au la infraredi. Yanafanana, lakini la infraredi linawaka jekundu, kioo chake kinaunguza sana, na linapokea sufuria yoyote.

Sasa usalama. Majiko mengi ya kubebeka yanatumia takribani wati 2,000. Kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni karibu ampea 9, mzigo mkubwa. Chomeka moja kwa moja ukutani kwenye soketi nzima yenye waya wa ethi. Usitumie ekstensheni nyembamba, wala usichomeke pamoja na pasi. Nyumba yenye waya za zamani, mwite fundi umeme aangalie kwanza. Umeme ukikatika, chomoa. Na kwa hesabu ya Luku, nusu saa ya moto wa juu kabisa ni uniti 1.

Kioo hakijiwashi chenyewe, ila kinapata moto kutoka kwenye sufuria. Mtoto akigusa ulipoondoa sufuria ataungua. Usiweke kijiko, kisu wala mfuniko wa chuma juu yake. Mafuta ya kukaangia yanachemka upesi kuliko kwenye mkaa, anza na moto mdogo na usiondoke. Sufuria tupu usiiwashie. Kioo kikipata ufa, acha kutumia siku hiyo hiyo, maana maji yanaweza kuingia kwenye umeme.

Chini kuna feni. Usiweke jiko juu ya kitambaa wala kulibana ukutani, liache lipumue. Ukimaliza, ngoja feni isimame ndipo uchomoe.

Na ugali je? Unasongeka, lakini si kwa kugongagonga. Weka jiko mahali pa chini, pagumu, pasipoyumba. Tumia sufuria nzito yenye mkono, uishike vizuri, songa bila kuikwaruza kwenye kioo. Mkaa wa kupalia wali juu ya mfuniko usahau. Punguza moto na ufunike.

Nyumba yenye mtu aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, aulizwe daktari wake kwanza. Ushauri wa kawaida ni kukaa sentimeta 60 au zaidi kutoka kwenye jiko linalowaka.

Ndugu Mwenyekiti, kamati inapendekeza mambo matatu. Moja, mkopo wa jiko ujumuishe bei ya sufuria mbili zinazofaa, maana jiko bila sufuria ni deni tu. Pili, mwombaji aonyeshe kuwa soketi yake imekaguliwa na fundi. Tatu, mwanachama asiuze jiko lake la zamani mpaka amepika kwa jipya mwezi mzima, kwani umeme hukatika na watoto lazima wale.

Fedha hizi zimetokana na vitumbua, mchicha na mitumba. Tuzikopeshe kwa macho.

Kikundi kidumu!