Mifuko ya Kioo: Haki ya Kujua Fedha za Utafiti Ziliko

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei



Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuona Tume ya Haki na Amani ikileta mada juu ya kompyuta na fedha za watafiti, wakati tumezoea kuzungumzia mashamba yaliyoporwa, mirathi ya wajane na mahabusu wasiofikishwa mahakamani. Mada hii imeletwa na jambo lililotokea miongoni mwetu.

Binti mmoja wa parokia yetu, aliyesomea sayansi ya chakula, alitaka kuchunguza namna akina mama wa vijiji vyetu wanavyokausha na kuhifadhi karanga na mahindi, ili ipatikane njia nafuu ya kuzuia sumukuvu. Mnakumbuka mwaka 2016, sumu hiyo ilipowapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafa. Jirani zetu wa Kenya walipata msiba mkubwa zaidi mwaka 2004: wagonjwa 317, vifo 125. Binti huyo alikuwa na swali jema, lakini hakuwa na fedha. Bwana mmoja mjini akamwuzia kwa shilingi laki mbili kile alichokiita orodha ya siri ya wafadhili. Baba yake aliuza mbuzi ili kulipa. Orodha ile nimeiona kwa macho yangu: kurasa kumi na moja, zote zimenakiliwa kutoka katika kumbukumbu ambazo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzifungua bila kulipa hata senti moja.

Hapo ndipo haki inapoingia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba mali ya dunia imekusudiwa kwa ajili ya watu wote. Naye Papa Yohane Paulo II, katika Waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, namba 32, alionyesha kwamba katika nyakati zetu ujuzi na ufundi vimekuwa namna ya umiliki isiyopungua umuhimu wa ardhi. Basi anayefichwa mahali fedha za utafiti zilipo amekwisha kunyimwa nusu ya fedha zenyewe, hata kabla hajaandika barua ya maombi.

Uwazi huo haukushuka kama mvua. Mwaka 1952 kamati ya Bunge la Marekani iliyachunguza mashirika makubwa ya hisani ya nchi ile, na Russell Leffingwell, mwenyekiti wa Carnegie Corporation, akaiambia kwamba shirika la hisani lapasa kuwa na mifuko ya kioo. Maana yake, kila apitaye aone kilichomo. Mwaka 1956 ikafunguliwa New York maktaba ambamo raia wa kawaida aliweza kusoma habari za mashirika hayo. Chombo kilichotokana nayo kinaitwa Candid tangu mwaka 2019. Tena sheria ya kodi ya Marekani inayalazimisha mashirika hayo kutoa hesabu kila mwaka, zikitaja waliopewa fedha na kiasi walichopewa, na hesabu hizo ziko wazi kwa umma. Kwa hiyo tunapozisoma hatuombi sadaka. Tunatumia haki iliyopiganiwa na wengine.

Sasa, kanzidata ni nini? Fikirini daftari la ubatizo la parokia. Ukijua jina na mwaka, Katekista anakufunulia ukurasa, usipojua, utakesha. Kanzidata ni daftari la namna hiyo lililowekwa katika kompyuta, nalo hujibu kwa kadiri ya neno unaloliuliza.

Ziko za aina mbili. Aina ya kwanza hutangaza fedha zinazotafuta mwombaji: kwa mfano Grants.gov, ambamo tangu mwaka 2003 idara za serikali ya Marekani hutangaza ruzuku zao. Aina ya pili huonyesha fedha zilizokwisha kutolewa: RePORTER ya taasisi za taifa za afya za Marekani, CORDIS ya Umoja wa Ulaya, na Gateway to Research ya Uingereza. Watu wote hukimbilia aina ya kwanza. Mimi nawashauri muanze na ya pili. Humo utaona ni nani aliwahi kulijali swali lako, alitoa kiasi gani, kwa chuo kipi, na mtafiti gani wa nchini mwetu alishirikishwa. Huyo wa mwisho unaweza kumfuata kwa basi.

Tulipoketi na binti yetu mbele ya kompyuta ya ofisi ya Baba Paroko, tuliandika neno la Kiingereza la karanga tulilofundishwa shuleni, yaani groundnut, tukapata machache. Kumbe Wamarekani husema peanut. Tulipobadili neno, mlango ukafunguka. Kisha tukaandika aflatoxin, jina la kisayansi la sumu yenyewe, halafu mycotoxin, ambalo ni jina la ukoo mzima wa sumu za namna hiyo. Tulitumia mchana mzima kwa maneno manne tu, na sijutii.

Jambo moja lilituhuzunisha. Mara nyingi jina la nchi yetu lilikuwa katika kichwa cha mradi, lakini anwani ya aliyepokea fedha ilikuwa ng'ambo. Si dhambi peke yake, maana maabara nyingi ziko huko. Hata hivyo inafaa tuulize ni kiasi gani kilifika, na kama matokeo yalirudishwa kwa wakulima waliotoa karanga zao zipimwe. Tume moja ya kimataifa ya utafiti wa afya ilikwisha kuonya mwaka 1990: nchi zinazoendelea zilibeba asilimia 93 ya mzigo wa vifo vinavyozuilika, lakini katika fedha za utafiti wa afya za mwaka 1986 matatizo yao yalitengewa kama asilimia 5 tu.

Nawaonya pia juu ya mitego. Someni kwanza kifungu kinachosema nani anaruhusiwa kuomba, kwa kuwa matangazo mengi hayamhusu mtu binafsi wala raia wa nchi nyingine. Taasisi inayoomba ruzuku ya serikali ya Marekani hutakiwa kujiandikisha katika SAM.gov, na kujiandikisha huko ni bure. Anayedai ada ni mchuuzi. Nyumbani nako, utafiti unahitaji kibali cha COSTECH, na ukigusa afya za watu unahitaji idhini ya maadili ya NIMR. Ndiyo maana binti yetu alielekezwa atafute mwenyeji katika chuo, kama vile Sokoine cha Morogoro au Nelson Mandela cha Arusha, kwa sababu parokia haina maabara.

Tena, kilichoandikwa katika kanzidata si ahadi. Mwezi Mei 2025 taasisi za taifa za afya za Marekani zilitangaza kusimamisha utoaji wa ruzuku zenye mgawo wa kupitishwa kwa washirika wa nchi za nje, hadi utaratibu mpya uwekwe. Waliokuwa wametegemea mlango mmoja walijikuta barazani. Na sisi wenyewe tusiache kuuliza serikali yetu: mfuko wetu wa kuendeleza sayansi na teknolojia ulianzishwa mwaka 1995, nao pia yafaa uwe wa kioo.

Binti yetu amekwisha kuomba mara mbili. Mara ya kwanza alikataliwa, na sababu ilikuwa ya haki: hakueleza angepima karanga ngapi, wala kutoka vijiji vingapi. Ombi la pili amelituma kupitia chuo, na jibu bado.

Kwa idhini ya Baba Paroko, kompyuta ya ofisi itakuwa wazi kila Jumamosi kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja alasiri. Kila Jumuiya ilete kijana mmoja aliyesomea sayansi, kilimo au uuguzi, pamoja na mzee mmoja mwenye kulijua tatizo la kijiji chake. Waje na daftari.